Desemba Nageuka Mlinzi

Mimi kwetu Rufiji, Muislamu wa swala tano, na Krismasi kwangu ni siku ya kutokwenda kazini, basi. Lakini hapa Dar, Tabata nzima hakuna mtu anayechoshwa na Krismasi kama mimi, wallahi.

Nyumba tunayopanga imejaa Wachaga. Desemba ikishachanganya, habari ni moja tu, kwenda kwao Kilimanjaro: Rombo, Machame, Kibosho, Marangu. Mtu aliyekuwa analia tangu Februari kwamba biashara ngumu, leo unamkuta anafunga maboksi, kiatu cha baba, blanketi la bibi, na tiketi za familia nzima. LATRA watangaze nauli elekezi, lakini pale stendi ya Magufuli, Mbezi, wapiga debe nao wana LATRA yao. Treni ya Moshi ilirudi 2019 tukadhani watu watapumua. Wapi! Wametafuta tu mahali pengine pa kugombania siti.

Siwasemi vibaya. Kule ndiko kwenye kihamba, yaani shamba la ukoo, na makaburi ya wazee, ndafu ya mbuzi mzima na mbege, pombe yao ya ndizi. Jirani yangu Mangi kanieleza kwamba ukoo unakaa kikao: nani hajachangia, nani kagombana na kaka yake, apelekewe jani la sale, la kuombea msamaha, yaishe. Nikamuuliza, "Mangi, hiyo sikukuu au mahakama?" Akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akanikabidhi funguo.

"Baba Aisha, wewe si huendi popote?"

Jamani, swali gani hilo? Ukisema unakwenda, muongo. Ukisema huendi, umeshaajiriwa. Basi Mangi kaacha funguo, Mama Glory kaacha funguo, na yule kijana wa chumba cha uani, ambaye mwaka mzima salamu yake kunyanyua nyusi, leo ananiita "mzee wangu". Friji la huyu, umeme wa LUKU usikate. Maua ya yule yamwagiliwe. Kuku kumi na mmoja. Na Simba.

Simba ni mbwa. Mke wangu kasema akigusa ndoo yake ya maji tu, mimi na mbwa wangu tutafute pa kuhamia. Mbwa wangu! Asubuhi ya Krismasi wenzangu wako kanisani wanaimba, mimi nimechuchumaa uani namsihi Simba ale ugali kwa dagaa. Kanusa, kaniangalia, kageuza shingo. Nimekwenda buchani kuomba mifupa, mwenye bucha hata aibu hana: "Mifupa ya sikukuu imepanda, mzee."

Kila mtu kapanda. Bodaboda unamlipa nauli yake, mkono haurudi: "Mzee, sikukuu yangu?" Unamwambia mimi Muislamu, anakujibu hata yeye Muislamu. Fundi cherehani kwake Krismasi ni msimu wa kuzima simu. Vitambaa vya watu kavikalia tangu Novemba. Mwenye nyumba yeye sikukuu haimhusu, anasubiri Januari, maana anajua mwezi huo ada za shule nazo zinabisha hodi na anataka awahi kabla yake.

Na mji umetulia, hilo nakiri. Foleni hakuna, Tabata mpaka Posta unateleza tu. Sasa niende Posta kufanya nini? Mfukoni nina funguo za watu.

Watoto wangu nao dini hawaangalii. Kwao sikukuu ni pilau, iwe ya Idd au ya Yesu, na majirani wote wa kuwaletea sahani wako Moshi. Wamelia mpaka mama yao akaingia jikoni. Pilau likatoka, na kuku juu. Mimi sikuuliza maswali.

Januari Mangi kashuka kwenye bajaji na mkungu wa ndizi, mashavu yamemjaa. Hata salamu hajamaliza, macho yako bandani.

"Baba Aisha, kuku si walikuwa kumi na mmoja?"

"Muulize Simba."