Inteki na filta za koni kwenye pikapu: nguvu hamna, mlio upo

Kuna watu wakishafungua boneti la pikapu yao wakaona lile boksi jeusi la plastiki la ea klina roho inawauma, wanaona kiwanda kimeibania injini makusudi na dawa yake ni kung'oa boksi lote, kuweka inteki, yaani bomba la kung'aa la kuingizia hewa na filta nyekundu ya koni mbele yake, halafu eti gari inapumua. Msimamo wangu nautoa mapema kabisa: kama pikapu ni ya kazi na hujaigusa kitu kingine, hiyo hela umenunua mlio. Na kama unapita kwenye vumbi, unaweza ukawa umenunua na uchakavu wa injini juu yake.

Tuanze na nguvu maana ndo matangazo yanapoanzia. Hewa usawa wa bahari ina presha ya kama kPa 101. Filta safi ya karatasi na boksi lake, hata ukikanyaga mafuta mpaka mwisho, zinakula kPa chache tu hapo. Maana yake ni kwamba hata ukitoa filta yote ukaacha tundu wazi (usifanye hivyo tafadhali) unachopata ni asilimia kidogo, sasa filta nyingine, ambayo na yenyewe ni filta na lazima izuie kitu, itakupa nini? Kipande cha hiyo asilimia kidogo. Ukiwa umekaa kwenye kiti huwezi kuisikia, unachosikia ni kelele, afu ubongo unamalizia wenyewe.

Kwa dizeli yenye turbo (ile feni inayoisukumia injini hewa), ambayo ndo pikapu nyingi siku hizi, hoja inazidi kudhoofika. Petroli inataka hewa na mafuta viende kwa uwiano maalumu, kama gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Dizeli haifati hesabu hiyo, yenyewe inafanya kazi na hewa iliyozidi muda wote na nguvu yake inategemea nozeli zimepiga mafuta kiasi gani, na anayeamua hayo mafuta ni kontroboksi, yaani kompyuta ya injini. Presha ya turbo pia kontroboksi ndo inaipanga. Sasa umeweka koni, kontroboksi haijui na haijali, presha ni ile ile, mafuta ni yale yale, turbo imepunguziwa kazi kiduchu basi. Ukitaka dizeli ibadilike kweli unaenda kwenye kupangwa upya kwa kontroboksi, na hapo ukipandisha mafuta sana ndo hewa inaanza kuwa na maana na mimi nitakaa kimya.

Na wale wanaosema inapunguza ulaji wa mafuta, mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge kule Marekani walichukua magari wakayaziba filta kwa makusudi wakapima. Kwenye magari ya injeksheni ulaji haukubadilika kwa maana, kilichopungua ni mchomoko ukikanyaga kwa nguvu. Gari la zamani la kabureta ndo lilikula zaidi. Kwa hiyo kama filta iliyoziba kabisa haiongezi ulaji, iliyo wazi zaidi itapunguza kwa njia gani? Hapo sijawahi kupata jibu linaloeleweka.

Kuna jambo watu wanalipita haraka, hewa baridi. Boksi la kiwandani kwenye pikapu nyingi tayari linavuta hewa ya nje, ama kutoka ndani ya madigadi ama nyuma ya shoo. Unalitoa hilo, unaweka koni wazi pale ndani inapata joto la redieta na la turbo. Hewa ya nyuzi 27 ikipanda mpaka 57 inakuwa nyepesi kwa karibu asilimia 9, yaani umetafuta asilimia moja mbili ukapoteza tisa. Ukiwa kasi upepo unasaidia, sawa, lakini kwenye foleni au unapanda mlima na mzigo taratibu, ambapo ndo unaitaka nguvu, ndo inavuta hiyo ya moto. Ukiona seti ya inteki ina boksi lake lililofungwa vizuri angalau huyo aliyetengeneza alifikiria.

Ila kwangu vumbi ndo kesi yenyewe. Chukua injini ya lita 2.8 ya Hilux, kwa mizunguko 3,400 inameza karibu lita 4,700 za hewa kwa dakika na hapo turbo sijaihesabu. Barabara ya vumbi ina silika, ambayo ni mchanga kabisa, inakwangua silinda, inamaliza ringi, inakula panga za turbo. Filta zinapimwa kwa vumbi maalumu kufuata kanuni ya ISO 5011 na filta nzuri ya karatasi inashika zaidi ya asilimia 99. Sasa mtu anakwambia ya kwake inashika 97, mbona ziko karibu karibu. Haziko karibu ndugu yangu, angalia kinachopita: ikishika 99.5 imepitisha nusu ya asilimia moja, ikishika 97 imepitisha asilimia tatu, mara sita ya vumbi ndani ya injini ile ile.

Filta za pamba za kupaka oili zina usumbufu wake pia. Oili ikiwa kidogo vumbi linapita, ikizidi inaenda kukaa kwenye sensa ya hewa, ule waya wake wa kupimia hewa unaanza kusoma uongo na taa ya chek injini inawaka. Faida yake ni kwamba unaifua na kuirudisha badala ya kununua mpya kila mara, hiyo siikatai, ila uwe na mkono wa kuipaka sawasawa.

Anayependa mlio aweke, jamani, gari ni lake na ile sauti ya turbo ikivuta ni tamu kweli. Aseme tu kwamba ni mlio.

Kama unataka kuhangaika na upande wa hewa, snokeli (lile bomba la kuvutia hewa linalopanda nje mpaka usawa wa paa) ina hoja kwenye msafara maana mdomo wake uko juu, mbali na vumbi la tairi za aliye mbele. Lakini maungio yote yawe yamezibwa, maana snokeli yenye upenyo ukiingia nayo mtoni maji yakifika kwenye silinda hayabanwi kama hewa, koni rodi (ule mkono unaoshika pistoni) inapinda hapo hapo. Ile geji ndogo ya kuonyesha filta imeziba kiasi gani nayo nzuri, inakuzuia kufungua boksi kila wiki na kupuliza filta na kompresa mpaka karatasi inatoboka. Filta ya karatasi ikishapata vumbi kidogo inashika vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya, iache.

Na siku ukiifungua, pitisha kidole ndani ya bomba upande wa baada ya filta. Kikitoka na vumbi, angalia raba ya filta na klampu za hosi kabla ya kufikiria kununua chochote.