Usizime UAC, iondolee sababu ya kuuliza

Kwenye kompyuta nyingi za ofisi ndogo na steshenari, fundi akiambiwa kwamba lile dirisha la Windows la kuomba ruhusa, yaani UAC (User Account Control), linasumbua, hulizima moja kwa moja. Hilo ni kosa, tena kosa kubwa kwenye mashine inayochomekwa flashi za wateja kutwa nzima.

Usumbufu wenyewe si wa kusingiziwa. Windows Vista ilipotoka mwaka 2007 iliuliza mno, watu wakazoea kukubali bila kusoma, na onyo lililozoeleka halimlindi mtu. Windows 7, mwaka 2009, ikaleta ngazi nne za kuchagua dirisha liulize kiasi gani.

Lakini swali linalojirudia kila siku kwa programu ileile lina chanzo, na hicho ndicho cha kutibu. Chukua programu ya zamani ya stoo inayohifadhi data zake ndani ya Program Files. Mtumiaji wa kawaida haruhusiwi kuandika humo, kwa hiyo Windows huipeleka faili kimyakimya kwenye folda ya VirtualStore, ndani ya AppData\Local ya mtumiaji huyo. Asubuhi karani anaingiza ankara. Mchana mwingine anaifungua programu kwa Run as administrator, yaani kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta (admini), inasoma folda halisi ya Program Files, ankara hazionekani. Wanadhani zimefutwa! Basi programu inawekwa iendeshwe kiadmini siku zote, na dirisha linatokea kila inapofunguliwa.

Dawa yake ni hii. Funga programu, nakili pembeni data za folda zote mbili, kisha linganisha tarehe za faili kabla ya kuweka moja juu ya nyingine. Faili sahihi irudishe kwenye folda halisi, na ile ya VirtualStore iondoe, maana Windows huisoma hiyo kwanza. Halafu nenda kwenye Properties ya folda ya data, Security, Edit, chagua Users, weka tiki kwenye Modify. Folda ya data tu, jamani, si Program Files nzima. Ukiifungua yote, kirusi kitabadilisha programu zenyewe. Mwisho nenda kwenye Properties ya programu yenyewe, Compatibility, ondoa tiki ya Run this program as an administrator.

Karani apewe akaunti ya Standard, isiyo ya admini, na nenosiri la admini abaki nalo mwenye ofisi. Hapo dirisha linadai nenosiri, na mkono uliozoea Yes hauna pa kubofya.

Wengine huchagua ngazi ya tatu kutoka juu ili skrini isififie dirisha linapotokea. Msiiguse. Kule kufifia ndiko kunakozuia programu nyingine kulifunika dirisha au kulibofya kwa niaba yako.

Na dirisha likitokea bila mtu yeyote kufungua wala kusakinisha kitu, bofya No, chomoa flashi, ikague kwanza.