Kuchora sura ni kazi, jamani

Juzi nilipita makumbusho ya sanaa ya Lenbachhaus, hapa Munich, Ujerumani, nikakuta watoto wa shule wamejimwaga sakafuni na penseli zao wakinakili picha za watu. Mwalimu anawapitia mmoja mmoja, anamuuliza huyu kwa nini kivuli kimeangukia jicho la kushoto. Hakuna aliyewafukuza. Nilifurahi, halafu nikapandwa na hasira, maana kwetu mtoto akichora daftarini anachapwa, kisha anaulizwa atakula kuchora.

Najua mtasema nimeshalowea Uzunguni. Semeni. Lakini Franz von Lenbach, mchoraji wa sura ambaye makumbusho hayo yana jina lake, hakuzaliwa ikulu. Alizaliwa 1836 Schrobenhausen, mji mdogo wa Bavaria, baba yake fundi mwashi, na yeye mwenyewe alifundishwa uashi. Mwaka 1860 alimchora kijana mchungaji kajilaza chali majanini, mkono umekinga jua, nyayo nyeusi kwa uchafu. Nyayo zile zingeweza kuwa za mtoto yeyote wa Handeni. Akatokea tajiri, Schack, akamlipa aende Italia na Hispania kunakili kazi za mabingwa wa zamani, na mkono wake ukakomaa hukohuko. Baadaye wakamkalia awachore mtunzi wa muziki Wagner, Papa Leo XIII na Kaisari Wilhelm I wa Ujerumani. Na Bismarck, kansela wa Ujerumani, alichorwa naye mara zipatazo 80! Alikufa 1904; mwaka 1924 jiji likainunua nyumba yake kwa mjane wake, na tangu 1929 ni makumbusho.

Hapo kuna atakayeniambia: huyo Bismarck unayemsifia ndiye ambaye serikali yake ilimpatia mkoloni Carl Peters hati ya ulinzi ya Kaisari mwaka 1885, nchi yetu ikaondoka. Ndugu yangu, mimi ni mtu wa Tanga, hilo silihitaji kukumbushwa. Simsifii Bismarck. Nasema kipara chake na nyusi zake hata mtoto wa hapa anazijua, kwa sababu kuna mtu alilipwa kumtazama. Sisi kwa Mkwawa, aliyepigana na Wajerumani, tulirudishiwa fuvu tu, 1954. Hilo haliwaumi?

Mwingine atasema Lenbach alikuwa akitegemea picha za kamera. Ni kweli, alizitumia sana, na hakuna aliyemnyang'anya heshima. Kule mtaani kwetu kuna mzee anayechora sura za marehemu kutokana na pasipoti saizi iliyochakaa. Anatafuta rangi ya ngozi hadi mjane analia. Watu wanamwambia anaiga tu, kisha wanamwomba punguzo, na bado wanamkopa.

Wala msinitajie kwamba hatuna vipaji. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru, akachukua ubao wa dari na rangi ya baiskeli, akaanzisha uchoraji ambao leo dunia nzima inauita kwa jina lake. Alipigwa risasi na polisi Dar es Salaam, 1972. Watalii wanalijua jina lake kuliko wanafunzi wetu wa darasa la saba, na mimi hilo siwezi kulimeza.

Nyie mlioko halmashauri, simwombi mtu ajenge jumba la kifahari. Chumba kimoja cha shule, Jumamosi, karatasi na penseli, na yule mzee alipwe posho kama mnavyolipana kwenye semina zenu. Mkisema hakuna fungu, nionyesheni bajeti ya chai.