Je, Wimbo wa 2002 Uliwadanganya Wakenya?

Tarehe 30 Desemba 2002, umati uliofurika Uhuru Park jijini Nairobi kushuhudia Mwai Kibaki akiapishwa kuwa rais wa Kenya uliimba "Yote yawezekana bila Moi" huku Daniel arap Moi, rais aliyekuwa akiondoka, mwenyewe akiwa jukwaani, mwisho wa miaka 24 ya utawala wake. Tangu hapo wimbo huo umegeuzwa ushahidi wa mashtaka. Kila zinapozuka nyimbo nyingine za kutangaza mwanzo mpya, yupo atakayeukumbusha umma kwamba nchi iliyoimba vile ndiyo iliyozika watu zaidi ya 1,100 baada ya uchaguzi wa miaka mitano baadaye, na kwamba nyimbo za aina hii ni ulevi: hunoga usiku na kuumiza kichwa asubuhi.

Hoja hiyo ina uzito, na haifai kupuuzwa. NARC, muungano wa vyama uliomwingiza Kibaki madarakani, uliahidi katiba mpya ndani ya siku 100; rasimu ya 2005 ikakataliwa katika kura ya maoni, na katiba yenyewe ikapatikana Agosti 2010. Makubaliano ya kugawana madaraka baina ya kambi ya Kibaki na ya Raila Odinga yalizua ugomvi mapema mno, na kufikia 2004 kashfa ya Anglo Leasing, ya mikataba hewa ya serikali, ilikuwa imeonyesha kwamba ulaji haukuondoka na KANU, chama cha Moi. Wakosoaji huongeza jambo lililo zito zaidi, nalo ni kwamba wimbo uliotundika matatizo yote ya nchi kwenye jina la mtu mmoja uliwafanya watu waamini kuwa akiondoka yeye, nayo yataondoka.

Hata hivyo, wanaoushtaki wimbo huu ni nadra kuusikiliza. Haukutungwa na chama wala na mshairi wa kulipwa. Ni pambio la makanisani, "Yote yawezekana kwa imani", ambalo mtu aliyewahi kuhudhuria ibada ya Jumapili alikuwa nalo kinywani tayari. Watu waliondoa maneno mawili na kuweka mawili: "kwa imani" ina mizani nne, na "bila Moi" ina mizani nne, kwa hiyo lahani haikuguswa hata kidogo na hakuna aliyehitaji kufundishwa. Kisha kuna kitenzi chenyewe. "Yawezekana" haimtaji mtendaji, wala haiwekei jambo tarehe. Haisemi kwamba yatatendeka, sembuse kwamba Kibaki atayatenda. Siku 100 zilitoka kwa wanasiasa na ndio waliozihesabu wakazishindwa. Umati ulikuwa umesema tu kwamba kizuizi kimoja kimeondoka. Kwa kweli, miongoni mwa kauli zote zilizotolewa msimu ule, sioni iliyokuwa na tahadhari zaidi ya hiyo.

Wala kauli hiyo haikubaki maneno matupu. Serikali mpya ilipofuta karo ya shule za msingi Januari 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takribani milioni 5.9 hadi takribani milioni 7.2 mwaka huohuo. Tofauti hiyo ya milioni 1.3 husomwa mara nyingi kama sifa ya serikali, au kama lawama kwake, kwa sababu madarasa yalifurika na kuna walimu waliojikuta mbele ya watoto zaidi ya mia moja. Yote mawili ni kweli. Ila kabla haijawa takwimu ya wizara, ni mzazi aliyemshika mtoto mkono akampeleka shuleni ilhali mwaka uliotangulia alimzuia nyumbani kwa kukosa karo. Kufuta karo ni uamuzi wa serikali; kuitikia kwa haraka ile, katika nchi ambayo matangazo mengi ya serikali yalikuwa yamepita bila kuacha alama, kulihitaji watu walioanza kuamini kwamba safari hii linalosemwa lawezekana. Mwaka uliofuata, Kimani Maruge, mzee wa miaka 84, aliingia darasa la kwanza mjini Eldoret akiwa amevaa kaptura na soksi za sare, kwa kuwa tangazo la elimu ya bure halikuwa limetaja umri.

Wiki zilezile za mwanzo wa 2003, abiria wa matatu, yale mabasi madogo ya umma, waliwakabili na hata kuwakamata polisi waliokuwa wakipokea hongo barabarani. Hali hiyo haikudumu. Mkosoaji atasema ilikufa kwa sababu ilijengwa juu ya wimbo. Mimi naona ni vigumu kumtaka abiria aendelee kugombana na konstebo kwa ajili ya noti ndogo wakati mikataba ya mabilioni inatiwa saini ofisini bila mtu kuguswa. Watu waliamka wakiwa tayari kufanya kazi, na waliokabidhiwa dola ndio waliolala.

Upungufu wa wimbo ninaoukubali uko kwenye lile neno "bila". Lilisema cha kuondolewa na halikusema cha kuwekwa mahali pake, na kikishaondolewa, wimbo hauna ubeti wa pili. "Unbwogable" ya Gidi Gidi Maji Maji, iliyosikika kila pembe msimu huohuo, haikutegemea kuondoka kwa mtu: ilichukua kitenzi cha Kijaluo chenye maana ya "kutisha" na kumfanya mwimbaji kuwa mtu asiyetishika, hali ambayo mtu anaweza kuendelea nayo hata baada ya uchaguzi.

Lakini siku ile jukwaani hakuwa Moi peke yake aliyekuwa akisikiliza. Kibaki alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu ukiwa ndani ya plasta baada ya ajali ya gari mapema mwezi ule, na wimbo ulimfikia yeye pia. Alikuwa na nafasi ya kusikia jinsi maneno mawili yanavyobadilishwa kwa wepesi. Jina lake lina mizani tatu badala ya mbili. Lingehitaji kubanwa kidogo tu ili liingie.