Nimetoka Lipuli Nikaangukia kwa Vikings

Mimi kwetu Iringa, kwa hiyo kabla sijaja huku Minnesota kuna mambo mawili nilidhani nayajua vizuri kuliko mtu yeyote: baridi na kufungwa. Baridi kwa sababu Iringa ya mwezi wa saba si mchezo, unaoga kwa kujipangia siku. Na kufungwa kwa sababu mimi ni Lipuli damu, Wanapaluhengo, timu iliyozunguka madaraja ya chini weee mpaka 2017 ndo ikapanda ligi kuu, 2019 tukafika fainali ya Kombe la Shirikisho tukapigwa kimoja na Azam kule Lindi, na 2020 tukashuka tena kama watu tuliokuwa tumekuja kusalimia tu. Hayo ya mwisho nimeyafuatilia kwa simu nikiwa kazini huku, simu nimeificha chini ya taulo.

Sasa mtu mwenye historia hiyo akihamia Marekani si angestahili apangiwe hata timu moja inayoshinda? Los Angeles, Boston, huko ndiko kwenye makombe. Mimi shemeji yangu yupo St. Paul, basi nikaja St. Paul. Hakuna aliyeniambia.

Nimefika Novemba 2010. Desemba 12, hata mwezi sijamaliza vizuri, naamka nawasha tivii naona uwanja wa timu ya hapa, Metrodome, paa limepasuka kwa uzito wa theluji, theluji inamiminika katikati ya uwanja kama unga kwenye gunia lililotoboka. Paa lenyewe lilikuwa la kitambaa, limeshikiliwa na hewa, yaani puto. Watu waliokwenda mwezini wakarudi wamekuja sehemu yenye theluji miezi mitano wakaezeka puto! Kwetu mtu akiezeka nyasi anachekwa. Mechi ikabidi wakachezee Detroit, na mimi ile ndo ilikuwa siku ya kwanza kuijua Minnesota Vikings, nikaijua ikiwa haina hata paa. Ningekuwa na akili ningeishia pale.

Aliyenimaliza ni mzee jirani. Huyu mzee ni Mlutheri, na kama hujui, sinodi yao hapa St. Paul na dayosisi yetu ya Iringa wana urafiki wa miaka mingi, wanauita Bega kwa Bega, wanatembeleana. Sasa siku ya kwanza nimetoka nje na koleo sijui hata theluji inaanziwa wapi kuzolewa, nasikia mtu upande wa pili anapiga kelele "Kamwene!" Nikageuka nikijua ni mtu wa Kalenga au Ifunda, namkuta mzungu wa miaka sabini na kofia ya pembe mbili kama mbuzi, shati la zambarau. Machozi karibu yanitoke. Ukisalimiwa Kihehe kwenye theluji utakubali chochote, na ndivyo nilivyojikuta kochini kwake Jumapili mchana nakunywa kahawa maji maji ile ya kwao, naangalia mpira wa kushika kwa mikono wanaouita mpira wa miguu.

Mzee akanipa historia. Vikings wamecheza Super Bowl, ile fainali ya ligi yao, mara nne, wamefungwa zote nne, ya mwisho 1977. Toka hapo hawajarudi. Halafu akashusha sauti kama anasimulia msiba, akaniambia habari ya msimu wa 1998. Mwaka huo walipoteza mechi moja tu kati ya kumi na sita, wakafika mlango wa fainali, na mpiga teke wao, yule anayepigia mpira upite kati ya milingoti, Gary Anderson, msimu mzima hakukosa hata moja. Hata moja! Dakika za mwisho za mechi na Atlanta anaitwa apige teke la kumaliza kazi, ndani ya ukumbi, hakuna upepo, hakuna mvua, akapeleka nje. Atlanta wakasawazisha wakaja kushinda kwenye muda wa nyongeza. Mzee alipofika hapo akanyamaza, akaangalia dirishani. Mimi nikajua huu ugonjwa naufahamu, ni ule ule wa kwetu uwanja wa Samora, ila huku umewekewa hita.

Januari 2016 nikayaona mwenyewe. Wakati ule uwanja mpya ulikuwa unajengwa kwa hiyo wanaazima uwanja wa chuo kikuu, wa wazi, na siku ya mechi na Seattle kulikuwa na kama nyuzi 21 chini ya sifuri, baridi ambayo ukivuta pumzi pua inashikana. Watu wamejaa uwanjani! Wengine wameweka maboksi miguuni wasikanyage zege. Sekunde zimebaki ishirini na kitu, tupo nyuma 10 kwa 9, mpiga teke Blair Walsh anapewa teke la yadi 27, hiyo ni mita 25 hivi, mchungaji wetu na kanzu yake angefunga. Walsh alikuwa ameshapiga tatu siku hiyo zote zimeingia, zile pointi tisa zote ni zake. Akapiga, ukaenda kushoto. Mzee hakupiga hata kelele. Alisimama akaenda jikoni akaanza kuosha vikombe ambavyo tulikuwa bado tunavinywea.

Halafu usiseme wanafungwa tu, hapana, kufungwa ningezoea. Hawa wanakupa matumaini kwanza. Januari 2018 wamejenga uwanja mpya wa vioo kama duka la vito, tunacheza na New Orleans, sekunde kumi zimebaki tumeshakufa, Stefon Diggs anadaka mpira pembeni, beki anamkosa anapita kama upepo, mwanamume yule anakimbia peke yake mpaka mwisho, 29 kwa 24! Nilipiga yowe mpaka mama watoto akatoka bafuni na sabuni akijua nimepigiwa simu ya msiba. Na mwaka huo Super Bowl yenyewe inafanyika hapa hapa Minneapolis, yaani bado mechi moja tu tucheze fainali nyumbani. Wiki iliyofuata tukaenda Philadelphia tukala 38 kwa 7. Na Philadelphia wakaja mjini kwetu, wakalala hoteli zetu, wakabebea kombe kwenye uwanja wetu. Hata Lipuli hajawahi kunifanyia hivyo, Lipuli ukifungwa unarudi nyumbani, fainali haikufuati mlangoni.

Kazini ni hivyo hivyo. Nafanya shifti ya usiku kwenye nyumba ya kulelea wazee, na kuna bibi mmoja ana miaka tisini na kitu, na blanketi lake la zambarau, kila msimu ukianza anasema mwanangu mimi nangoja Vikings wachukue kombe moja tu ndo Bwana anichukue. Nikamwambia bibi, kwa timu hii wewe hufi.

Ukichoka na Vikings wanakuhamishia kwenye hoki ya barafu. Jamani hoki. Dakika ishirini mara tatu, wachezaji sita kila upande akiwemo golikipa aliyevishwa magodoro, wanakimbizana na kidude cheusi cha mpira mgumu ambacho kwenye tivii hukioni, wewe unaangalia watu wanakokimbilia unakisia, wenzio wakiruka na wewe unaruka. Mchezaji anaingia na kutoka bila kumuaga refa, anaruka tu ukuta. Wawili wakitaka kupigana wanavua glavu, refa anasimama pembeni anawaangalia mpaka wachoke, halafu anawapeleka wakakae kwenye kibanda dakika tano, kama watoto wa chekechea waliogombania kalamu. Mapumziko linakuja trekta kupiga deki, na watu wanalishangilia! Mwanzoni nilicheka. Sasa hivi lisipotokea nakuwa sina raha.

Na hoki nayo ina kidonda chake. Timu ya sasa, Wild, ilianza 2000, kombe hawajaligusa mpaka leo. Zamani walikuwa na North Stars, wakahama 1993 wakaenda Dallas, Texas, mahali ambapo barafu wanaijua kwenye glasi, na 1999 wakabebea kombe huko huko. Mzee anaisimulia kama mtu aliyekimbiwa na mke halafu mke akashinda bahati nasibu.

Sasa kinachoniuma zaidi ni nyumbani kwangu. Mama watoto toka mwanzo alisema mimi sina muda wa kulia, akachagua Lynx, basketi ya wanawake. 2011 kombe, 2013 kombe, 2015 kombe, 2017 kombe. Anaangalia huku anachambua maharage, mechi inaisha wameshinda, anafunika sufuria anakwenda kulala, hana presha, hana vidonda vya tumbo. Hoki ya wanawake nayo, Frost, ligi yao imeanza juzi tu, 2024 wamechukua, 2025 wamechukua tena. Na ukiwa barabarani kila gari ina bendera ya wale wanaume wanaofungwa! Nikajisemea basi na mimi nihamie kwa wanawake, 2024 nikakaa kochini kuangalia fainali ya Lynx na New York, mechi tano, ya tano muda wa nyongeza, tukafungwa. Mama watoto hakuniangalia usoni siku mbili. Toka hapo Lynx wakicheza mimi nakwenda gereji, nakaa na ndoo ya chumvi ya barabarani.

Michezo mingine ya winta ndo usiseme. Kuna ule wa kusukuma jiwe la kilo kama ishirini kwenye barafu halafu wenzako wanatangulia mbele wanalifagilia njia, vijana wa Duluth upande wa kaskazini hapa waliupatia dhahabu ya Olimpiki 2018. Kufagia! Nikasema hii sasa naiweza, mama watoto akauliza ufagio wa nyumba hii unakaa wapi, nikakosa jibu. Sisi Iringa tuna jiwe la Gangilonga limekaa juu ya mji miaka yote, tumesema ni jiwe linaloongea, basi, tumelipiga picha tukaondoka, hakuna aliyewaza kulisukuma akapewa medali.

Na uvuvi wa barafu. Petro alitembea juu ya maji hatua chache akazama, Biblia nzima inamzungumzia, Walutheri wa huku wanapita na pikapu, wanavuta na kibanda kabisa, wanatoboa shimo wanakaa saa sita wanaliangalia. Mzee alinipeleka. Tulipata samaki mmoja urefu wa kiganja, akampima, akamrudisha. Nilimuuliza sasa tumekuja kufanya nini, akasema "kuvua".

Siku moja kazini wananiuliza kwa kejeli eti Afrika mna mtu wa kuteleza kwenye theluji? Hapo nikamtoa Philip Boit. Mkenya, mkimbiaji wa mita 800, akafundishwa kuteleza, 1998 akaenda Olimpiki ya Nagano, Japani, akashindana kilomita kumi, akawa wa mwisho, wa 92, dakika ishirini nyuma ya mshindi, na yule mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, akagoma kuondoka akamsubiri pale mwisho amkumbatie. Boit mtoto wake aliyezaliwa akampa jina Dæhlie. Siku hiyo Boit alikuwa ndugu yangu wa tumbo moja, mambo ya mahindi na mpaka wa Namanga tutayamaliza siku nyingine. Wakanijibu sawa, sisi tuna Jessie Diggins, kijana wa Afton hapo jirani, dhahabu 2018. Na kweli, Februari 2024 raundi ya Kombe la Dunia la kuteleza ikaja Minneapolis ili aje kushindania nyumbani. Unajua kilichotokea? Winta hiyo theluji ikagoma! Miaka kumi na tatu nazoa theluji mgongo umepinda, mwaka ambao inatakiwa, haipo, wakaanza kuitengeneza kwa mashine. Niliumia, maana ile niliyozoa miaka yote ningeiweka hata kwenye friza.

Kijana wangu ndo ameanza hoki. Sikumtuma mimi, mzee jirani alimnunulia viatu vya barafu krismasi, na mzee aliyekusalimia Kamwene humkatalii. Begi la vifaa limemzidi urefu. Mazoezi saa kumi na moja na nusu alfajiri, mimi natoka shifti sijalala napitia hapo, nakaa kwenye benchi la bati ndani ya jengo ambalo ni baridi kuliko nje, na wamelilipia umeme liwe baridi hivyo. Jumamosi walikuwa na mechi, wakapigwa saba kwa moja. Ila ile moja, wadau, aliifunga wa kwangu. Kidude kilimgonga mguuni kikaingia chenyewe, hata yeye alikuwa anaangalia upande mwingine, lakini ubaoni wameandika jina la ukoo. Mzee alilia. Mimi nilikuwa na mafua.

Nikamtumia mama video Iringa, namba yake ya WhatsApp, nikamwandikia mama angalia mjukuu wako kafunga goli. Nikangoja. Tiki mbili za bluu, kimya. Nikajua anaonyesha majirani. Baada ya nusu saa ikaja sauti yake, ndefu, ana wasiwasi kabisa: "Nimemwona baba, nimemwona. Ila hao walimu wake waambie, huyo aliyemwaga maji hapo afute, watoto wanateleza wote."