Nani alisema wino ni wa kuandikia?

Hivi ni mimi tu au na nyie wenzangu? Maana peni ukiihitaji haiandiki. Uko dirishani, foleni nyuma yako wanaguna, karani kakusukumia fomu kasema jaza hapa na hapa na hapa alafu saini, unaichukua ile peni yao iliyofungwa kamba kama mbuzi wa sikukuu, unakwaruza, hamna kitu. Unaipulizia nchani. Unaisugua viganjani ipate joto. Unachora vimduara pembeni ya fomu mpaka karatasi inatoboka, kavu kabisa. Unaazima kwa mama wa pembeni, anakupa peni anabaki na kifuniko, dhamana hiyo, ili usiondoke nayo.

Sasa peni hiyo hiyo iliyogoma, itie mfuko wa shati, panda daladala ya Mbagala saa nane mchana, upate siti ya upande wa jua. Ukishuka kituoni imeshatapika wino wote iliokuwa inakunyima tangu asubuhi, na haitapiki popote, inatapika kwenye shati jeupe. Shati la bluu nalivaa wiki nzima, ikizidi sana inaniachia kadoa kadogo tu, nikivaa jeupe la kwenda kwenye mahari ya watu ndo inaona hapa pazuri.

Kuna kijana pale mtaani anasoma kemia, nikamuuliza tatizo ni nini, akanieleza vizuri tu bila madharau. Anasema wino wa hizi peni za kawaida sio maji, ni rangi iliyochanganywa na vitu vizito vya mafuta mafuta, pale nchani kuna kipira kidogo sana kinazunguka kinaupaka kwenye karatasi, sasa joto likizidi wino unakuwa mwepesi, na kipira kikiwa kimechakaa hakiwezi kuuzuia. Nikamwambia asante mdogo wangu, ila hujanijibu, kwa nini hauchuruziki nikiwa dirishani? Hata dirishani kuna joto. Akacheka akaenda zake.

Na ukitaka kujua Watanzania ni wakarimu, wewe tokea mtaani na doa la wino kifuani. Pesa ya kukukopesha hamna mwenye nayo lakini ushauri unapewa mpaka unaubeba kwa toroli. Mama Zai wa chumba cha pili kasema loweka kwenye maziwa usiku kucha. Maziwa! Mama Zai unaijua bei ya maziwa wewe? Watoto wangu wanakunywa chai ya rangi alafu shati ndo linywe maziwa? Boda wa kijiweni akasema petroli, mimina petroli broo inakata fasta, na anasema hivyo sigara ikiwa mdomoni, nikarudi nyuma hatua kadhaa. Mzee wa nyumba ya pili kasema limao na chumvi, anika juani, shikamoo yake na hekima yake naiheshimu, kuna wino wa zamani ule wa kuchovya ulikuwa na chuma ndani yake na tindikali ya limao inakichukua kile chuma kama inavyotoa doa la kutu. Lakini hii peni ya dukani kwa Mangi ina chuma gani mzee wangu? Kama kipo basi labda kwenye kipira tu. Nikapaka limao, shati likanukia kachumbari, doa likabaki pale pale.

Shemeji ndo kamaliza kazi. Shemeji yangu huyu ni mtu wa jiki. Sinki jiki, soksi jiki, nadhani hata mtu akimkosea anafikiria jiki. Akachukua lile la bluu, maana na lenyewe lilikuwa na kadoa kadogo tu, akalimwagia. Jiki ikaila rangi ya shati yote pale kifuani pakawa na ramani ya Madagaska, nyeupe, na katikati ya Madagaska wino wa peni umekaa umetulia unatuangalia. Ndo nikajua kumbe jiki wino ule wa mafuta haiuwezi, inaua shati tu. Hajakoma, akasema basi tuchanganye jiki na lile limao lililobaki tuongeze nguvu. Nikamwambia shemeji weka chini! Jiki na kitu chenye uchachu unatengeneza hewa ya klorini humu ndani, choo chenyewe hakina dirisha, tutabebwa wote doa libaki linalinda nyumba.

Kinachofanya kazi sasa, na kinaniuma kwamba ni kitu rahisi hivi, ni spiriti. Ile ile ya duka la dawa, hata sanitaiza tulizojaza ndani enzi za korona. Unaweka kitambaa kikuukuu au tishu chini ya doa, unachovya pamba, unagonga gonga taratibu kuanzia pembeni kuja katikati, wino unayeyuka unahamia kwenye tishu ya chini, unageuza sehemu safi, unaendelea. Hausugui. Ukisugua unausambaza, doa la shilingi linakuwa doa la sahani. Kwanza ujaribu kwenye pindo la ndani uone kama rangi ya nguo haikimbii, alafu mwishoni ndo unapiga sabuni ya mche na maji. Na kama ni wino wa kalamu zile za kujaza, wa maji, unawahi na maji ya baridi kabla haujakauka. Zile peni za jeli sizungumzii, zile nyingine wino wake una chembechembe ambazo hata spiriti inazipita tu inazisalimia, ukichafuliwa na hizo funga mkanda.

Haya, nimegonga weee, doa limefifia limekuwa kama wingu, bado raundi moja tu, nimeenda kuswali narudi namkuta binti wa dada yangu kalipiga pasi. Anko nilikuwa nalikausha. Anko nini! Moto unalibandika doa kwenye uzi, lile wingu sasa limejenga, lina hati miliki. Nikasema ahsante mama, umenisaidia sana, ukue.

Kinachonichekesha, na sicheki kwa furaha, ni kwamba aliyetuletea hii kitu alikuwa anakimbia uchafu. Mhungaria mmoja anaitwa László Bíró, mwandishi wa habari, amechoka na kalamu za wino wa maji zinavyochafua karatasi, akaona wino wa kuchapia magazeti unakauka haraka, tatizo ni mzito haushuki kwenye kalamu ya kawaida, ndo akaweka kipira. Mwaka 1938 akaandikisha ugunduzi wake, baadae akahamia Argentina akaendelea nao huko. Waingereza mpaka leo peni wanaiita biro. Sasa mzee wa watu ulitaka karatasi isichafuke, sawa, karatasi haichafuki, na mashati yetu je? Hukuwa na shati wewe? Hukuwa na mke wa kukuuliza hii nguo nimeifua lini?

Na usije ukafikiri wino wote unasikia spiriti. Kuna ule wa kupiga kura. Shemeji huyo huyo wa jiki, kapiga kura vizuri kachovya kidole, alafu Jumamosi yake ana kitchen party yeye ndo matroni, gauni la dhahabu, kucha kaziandaa, kidole kimoja cheusi tii. Akaanza. Dawa ya meno, jiwe la kusugulia miguu, spiriti, asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Kidole kikawa chekundu pembeni na cheusi katikati. Yule kijana wa kemia akamwambia dada unajiumiza bure, wino ule una naitreti ya fedha, ikigusana na ngozi na mwanga ukaipiga inageuka nyeusi ndani kwa ndani ya ngozi yenyewe, Wahindi wanautengeneza pale Mysore na wanautumia kwenye chaguzi zao tangu 1962, ungekuwa unatoka kwa dawa ya meno nchi gani ingeununua? Unasubiri ngozi ibanduke na kucha ikue. Shemeji akaenda kwenye sherehe kavaa glavu. Dar es Salaam, glavu, mwezi wa joto. Watu wakadhani ni fasheni, wawili wakamuuliza kanunua wapi.

Mie yangu yote hayo ningemeza. Ila ukutani sasa. Nyumba ya kupanga hii, mwenye nyumba ni mzee mmoja hapendi hata msumari, ukigonga msumari Mbagala yeye Tabata anausikia. Na mtoto wangu wa mwisho kaokota maka peni, sijui kaitoa wapi, peni za kuandikia hesabu hazionekani nyumba nzima lakini maka peni mtoto kaiona. Kachora kwenye friji, kachora kwenye meza, kachora sebuleni ukutani mtu mzima na kitambi.

Friji ilikuwa rahisi. Kuna mwalimu jirani akanipa ile kalamu yake ya ubao mweupe, unapaka juu ya maka peni, unafuta hapo hapo kabla haijakauka, vyote viwili vinatoka, maana na yenyewe ina spiriti ndani. Nikafurahi nikaenda nayo ukutani kwa mbwembwe. Ukutani imegoma, friji ni laini ukuta wa rangi ya maji unanyonya, sasa nimeongeza mistari juu ya mistari na mtoto anapiga makofi, baba na wewe unachora! Mezani mke wangu katumia asetoni, wino umetoka, na vanishi imetoka, na heshima ya meza imetoka.

Nikarudi ukutani na sanitaiza na kitambaa nikaanzia chini. Kweli wino unatoka, tatizo rangi ya maji nayo inatoka, kitambaa kinarudi na vyote viwili, ukuta unabaki na baka jeupe la chokaa. Laiti wangepaka rangi ya mafuta ingevumilia, lakini mwenye nyumba gani anapaka rangi ya mafuta sebule ya mpangaji? Nimeshafuta mpaka kwenye mapaja, hodi. Mzee mwenyewe. Kodi bado siku tano, sijui kaja kufanya nini, wanasikia harufu hawa.

Shikamoo mzee. Marahaba. Kimya. Kavaa miwani, kasogea ukutani, mimi nina kitambaa mkononi kinadondosha rangi yake sakafuni. Akauliza huyu nani? Kabla sijatunga uongo mtoto kadakia, ni wewe babu wa kodi. Mke wangu kaingia jikoni na hajatoka tena.

Mzee kaangalia kitambi cha ukutani, kaangalia chake, kaangalia tena cha ukutani.

Sasa mbona sina miguu?

Baba kaifuta, mtoto anasema.

Mzee kanigeukia kaniangalia mie kana kwamba nimemkata yeye mwenyewe, kavuta kiti kakaa, kamwambia mtoto haya mjukuu wangu lete hiyo kalamu yako unimalizie, na viatu univalishe vya ngozi, sio hivi vya kandambili.