Jamani, hiyo si bisibisi yake!

Kuna kitu kinanichoma roho kila nikifungua pikipiki ya zamani: skrubu zilizotafunwa vichwa. Jumamosi nzima imeishia kwenye kabureta ya Honda ya miaka ya 1970. Skrubu nne tu za bakuli la chini, na tatu zimeshageuka vishimo vya duara vinavyong'aa! Mtu alizilazimisha kwa bisibisi ya nyota ya kawaida, ikateleza, akakamia, ikateleza tena.

Skrubu za Kijapani za enzi hizo zina kiwango chao, JIS, yaani kiwango cha viwanda cha Japani. Ukiona kinukta kidogo kichwani, ndiyo hiyo. Msalaba wake unafanana na wa Phillips, ile nyota ya kawaida, lakini si mmoja. Bisibisi yake inazama ndani na kutulia. Ya Phillips haikai sawasawa, ukiisukuma kwa nguvu inaruka nje na kula chuma.

Anayeumia ni anayefuata. Nimelowesha mafuta, nimegonga taratibu, wapi. Ya mwisho nimeitoboa kwa drili huku nimebana pumzi, maana kabureta ni aloi laini, na ukila meno ya tundu, bakuli litavuja petroli juu ya injini ya moto.